Majina Nayo ni Ramani

Mtu akiitazama ramani ya kaskazini ya mbali ya Amerika, kule Mto Yukon unakoanzia, atalikuta ziwa liitwalo Bennett. Bennett huyo alikuwa mwenye gazeti mjini New York. Aliyetoa jina hilo ni Luteni Frederick Schwatka wa jeshi la Marekani, aliyeteremka mto ule kwa chelezo mwaka 1883. Korongo moja la mto huo nalo akalipa jina la mkuu wake, Jenerali Miles.

Lakini njia za nchi ile zilikwisha kuchorwa. Mwezi wa Agosti 1869, mpima pwani George Davidson alifika Klukwan, Alaska, kutazama kupatwa kwa jua. Kohklux, mkuu wa Wachilkat, pamoja na wake zake wawili, walilala kifudifudi juu ya karatasi kubwa, wakachora kwa kumbukumbu tu mito, maziwa na njia za miguu toka pwani hadi Fort Selkirk. Davidson aliandika humo majina zaidi ya 100. Wala haikuwa zawadi ndogo. Njia hizo ndizo zilizokuwa mali ya Wachilkat, na mwaka 1852 walikivunja kituo cha Wazungu pale Selkirk kwa kuwa kiliwaharibia biashara. Baba yake Kohklux alikuwamo.

Hata hivyo Schwatka alikuja na majina yake mfukoni. George Dawson, aliyeipima nchi hiyo kwa niaba ya Kanada mwaka 1887, alimlaumu kwa kupuuza majina yaliyokwisha kujulikana. Lakini Bennett ni Bennett hadi leo.

Tunayaandika haya kwa sababu visiwa vyetu navyo vimepigwa picha na ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2016. Ni kazi nzuri, na tunaipongeza Serikali. Lakini picha huuonyesha mwamba tu. Haisemi wavuvi wanauitaje, wala kwa nini manahodha huukwepa wakati wa kusi. Tunawaomba wahusika wa ardhi wawapeleke vijana wenye daftari Nungwi, Makunduchi na Kojani, wakaketi na wazee na kuyaandika majina kama yanavyotamkwa. Akina mama wanaovua pweza wasisahauliwe, kwani miamba ya maji kupwa wao ndio waijuao zaidi. Gharama yake ni nauli na karatasi, na wazee wenyewe hawapo wengi.