Sekunde Tatu za Kimya

Katika kazi zote azifanyazo mwanadamu kila siku, ni chache azifanyazo mara nyingi kama kuzungumza, na ni chache azichunguzazo kwa uhaba kama hiyo. Mtoto hufundishwa kuandika, kuhesabu na kulima. Lakini namna ya kuzungumza na wenziwe huiokota mwenyewe njiani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 sasa wataalamu wa sayansi ya tabia za binadamu wamekuwa wakiyapima mazungumzo kwa saa na kinasa sauti, kama vile mwanafizikia apimavyo mwendo wa pendulamu. Katika mengi waliyoyagundua, liko moja lenye manufaa makubwa kwa shule, nalo halihitaji fedha wala vyombo. Jambo hilo ni kumngojea mwenzi aseme.

KASI YA MAZUNGUMZO

Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa lugha 10 za mabara mbalimbali, zikiwamo Kijapani, Kidenishi, Kilao na lugha ya jamii moja ya wawindaji wa Namibia. Walipima muda upitao kati ya mwisho wa swali la "ndiyo au siyo" na mwanzo wa jibu lake. Ilionekana kwamba, kwa wastani, muda huo ni kama moja ya tano ya sekunde tu. Wajapani walikuwa wepesi kuliko wote, na Wadenishi walichelewa kidogo kuliko wote. Lakini hata hao Wadenishi hawakufikisha wastani wa nusu ya sekunde.

Ajabu ya jambo hili haionekani mara moja. Majaribio ya maabara yamethibitisha kwamba mtu aonyeshwapo picha na kutakiwa aitaje, huchukua zaidi ya nusu ya sekunde kabla neno moja halijatoka kinywani mwake. Basi yawezekanaje mtu huyo huyo ajibu swali katika moja ya tano ya sekunde? Maelezo ya wataalamu ni kwamba huanza kulitunga jibu lake wakati mwenziwe angali anasema. Akili ya mwanadamu ina uwezo wa kusikiliza na kutayarisha usemi kwa pamoja. Uwezo huo ndio unaoyapa mazungumzo ulaini wake. Lakini pia ndio unaomfanya mtu ayafikirie maneno yake mwenyewe pale ambapo angestahili kuyasikiliza ya mwingine.

Liko tokeo la pili. Kwa kuwa pengo la kawaida ni fupi mno, pengo lililorefuka kidogo tu huhesabiwa kuwa lina kasoro. Uchunguzi huo wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba majibu ya kukubali huja upesi kuliko majibu ya kukanusha. Kwa hiyo sikio limezoea kuutafsiri ukimya: anayekawia kujibu hudhaniwa hataki, au hajui. Tafsiri hiyo mara nyingine ni ya haki. Darasani, aghalabu si ya haki.

SEKUNDE MOJA YA MWALIMU

Bibi Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu ya sayansi wa Marekani, alikusanya kanda za sauti zilizonaswa madarasani wakati wa masomo ya sayansi. Mwaka 1974 alitoa taarifa ya kanda zaidi ya 300. Ilibainika kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa wastani hungoja sekunde moja tu. Ikipita hiyo bila jibu, huligeuza swali, au humwita mwanafunzi mwingine, au hulijibu yeye mwenyewe. Na mwanafunzi akishajibu, mwalimu huingilia kabla hata ya sekunde moja kutimia, ili aseme "vizuri" au aulize swali jingine.

Ndipo walimu wakafunzwa kungoja muda wa sekunde tatu hadi tano, baada ya swali na pia baada ya jibu. Kanda zaidi ya 900 zilichunguzwa, na mabadiliko yalikuwa wazi. Majibu ya wanafunzi yalirefuka. Idadi ya waliokosa jibu ilipungua. Wanafunzi walianza kutoa hoja pamoja na ushahidi wake, kulinganisha mawazo yao na ya wenzao, na kuuliza maswali yao wenyewe. Hata wale waliokuwa wakihesabiwa na walimu wao kuwa wazito walianza kuchangia. Mtaala haukubadilishwa, wala vitabu havikubadilishwa. Kilichoongezwa ni kimya cha sekunde mbili au tatu.

Lakini katika kazi ya Bibi Rowe liko jambo jingine linalostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Alipolinganisha wanafunzi watano waliohesabiwa kuwa bora darasani na watano waliohesabiwa kuwa wa mwisho, aliona kwamba wale bora walingojewa karibu sekunde mbili, na wale wa mwisho chini ya sekunde moja. Yaani aliyehitaji muda zaidi ndiye aliyepewa kidogo zaidi. Hapana mwalimu aliyekusudia dhuluma hiyo. Ilitendeka bila yeye kujua. Hata hivyo matokeo yake kwa mwanafunzi ni yale yale: hunyimwa nafasi ya kufikiri, kisha huhukumiwa kuwa hafikiri.

UZITO WAKE KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Kwa shule za sekondari za Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Nchini Tanzania watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na waingiapo kidato cha kwanza hukuta fizikia, kemia na jiografia zikifundishwa kwa Kiingereza. Fikiria mwanafunzi aulizwaye kwa nini maji huchemka upesi zaidi juu ya mlima. Hana budi kwanza kulifahamu swali lenyewe. Kisha alitafute jibu, pengine kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwao. Kisha atafute maneno ya Kiingereza ya "kanieneo" na "mvuke". Kisha ayapange yawe sentensi. Na mwisho ajipe moyo wa kuitamka mbele ya wenziwe 50 walio tayari kumcheka. Sekunde moja haiyatoshi hayo yote. Mwalimu anayekihesabu kimya cha mwanafunzi huyo kuwa ni ujinga hupima wepesi wa kutafsiri, wala hapimi ujuzi wa fizikia.

Wala hasara hii haiishii darasani. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, huko Marekani, walichunguza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Ni wagonjwa 17 tu walioachwa wamalize kueleza kilichowaleta. Waliokatizwa walikatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Madaktari wengi huogopa kwamba mgonjwa akiachwa aseme hatanyamaza. Hofu hiyo ilijaribiwa katika hospitali moja ya Basel, Uswisi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Madaktari waliombwa wawasikilize wagonjwa 335 bila kuwakatiza. Kwa wastani mgonjwa alisema kwa sekunde 92 tu, kisha akanyamaza mwenyewe; na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamekwisha kabla ya dakika mbili. Daktari wa kesho leo yuko kidato cha pili. Akizoezwa kusikilizwa, atajua kusikiliza.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Wako watakaosema kwamba muda wa kipindi hautoshi. Hoja hii yafaa ijibiwe kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba mwalimu huuliza maswali 30 katika kipindi cha dakika 40, na kwamba huongeza sekunde mbili baada ya kila swali na mbili baada ya kila jibu. Jumla yake ni sekunde 120, yaani dakika mbili. Muda unaopotea kwa kurudia somo lisiloeleweka ni mkubwa kuliko huo.

Wako pia watakaosema kwamba mila haimruhusu mdogo kusema sana mbele ya mkubwa. Lakini mila hiyo hiyo ina hazina kubwa ya ungojeaji. Kijana akishaamkia "Shikamoo" hungoja aitikiwe "Marahaba" ndipo aeleze haja yake. Barazani, mzee asemapo hakatizwi, na kimya kifuatacho maneno yake huhesabiwa kuwa ni heshima. Kwa hiyo desturi ya kungoja ipo tangu zamani, ila imeelekezwa upande mmoja: mdogo humngoja mkubwa. Sayansi inashauri upande wa pili nao utimizwe, mkubwa amngoje mdogo. Hilo halivunji heshima, linaigawa sawasawa.

Hata hivyo hapana budi mipaka ielezwe. Si kila swali lahitaji sekunde tatu; mazoezi ya jedwali la kuzidisha hutaka mwendo wa haraka. Tena, kimya kinachoambatana na macho makali si nafasi ya kufikiri bali ni adhabu. Na uchunguzi uliotajwa hapa kuhusu madarasa na hospitali ulifanywa Marekani na Ulaya. Si haki kuudhania kuwa ni sawa kila mahali kabla haujajaribiwa.

JARIBIO LA DARASANI

Kujaribu huko kwaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe. Mwalimu na darasa wakubaliane kwanza. Mwanafunzi mmoja awe na saa yenye mshale wa sekunde, na mwingine awe na daftari. Kwa vipindi vinne, wapime muda unaopita kati ya swali la mwalimu na sauti inayofuata, iwe ya mwanafunzi au ya mwalimu mwenyewe. Waandike pia idadi ya maneno katika kila jibu, idadi ya wanafunzi mbalimbali waliojibu, na idadi ya maswali yaliyoulizwa na wanafunzi. Katika vipindi vinne vifuatavyo mwalimu angoje sekunde tatu, akihesabu moyoni, na vipimo vile vile vichukuliwe. Kisha takwimu zichorewe grafu na kujadiliwa. Kama tofauti haitaonekana, hilo nalo ni tokeo la kisayansi, na litafaa kuelezwa kwa shule jirani. Kama itaonekana, darasa litakuwa limejifunza mambo mawili kwa mpigo: namna ya kufanya utafiti, na namna ya kusikilizana.

Sayansi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mashine, dawa na vyombo vya angani, vitu viletwavyo kutoka mbali kwa gharama kubwa. Hapa imeleta kitu kidogo ambacho kila mwalimu, kila mzazi na kila rafiki anacho tayari. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kimya cha mwanafunzi aliyesimama akitafuta maneno huenda mna jibu sahihi, au swali ambalo mwalimu mwenyewe hajapata kulifikiria. Anayeyakatiza hayo kwa haraka ya sekunde moja hatajua kamwe alichokipoteza. Na nchi inayohitaji wanasayansi haiwezi kuendelea kuwapoteza kwa kukosa sekunde mbili.