Alisaini Mwenyewe

Kimberly Rivera hakuburutwa jeshini. Alijiunga mwaka 2006, kijana wa Texas mwenye mume, watoto wawili na kipato cha dukani kisichokidhi mahitaji. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Baghdad, analinda lango la kambi. Mapema mwaka 2007 akapewa likizo kwenda nyumbani, na hakurudi. Familia nzima ikavuka mpaka kuingia Kanada, naye akawa mwanamke wa kwanza wa jeshi la Marekani kujulikana hadharani kuomba hifadhi huko kwa kuvikataa vita vya Iraq. Katika miaka mitano na ushee aliyokaa Kanada, wapinzani wake walirudia hoja moja: alisaini mwenyewe.

Hoja hiyo ina uzito, tena kwa msomaji wa huku kwetu si ya mbali. Mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, na kuwapa njia ya mkato ya uraia, ulikitaja pia Kiswahili. Anayesaini karatasi ya kujiunga anajua anaingia jeshini. Haendi kambi ya vijana ya kucheza ngoma. Askari akijichagulia vita vya kwenda na vya kuacha, hilo si jeshi tena.

Ila tuangalie kilichotokea langoni. Raia wa Iraq walikuwa wakifika pale kudai fidia kwa walichopoteza. Rivera amesimulia kwamba siku moja aliona kitoto cha kike, umri wa kama miaka miwili, kikitetemeka na machozi yakikitiririka bila sauti. Akamwona bintiye. Mtu anaweza kusema huo ni uchungu wa mama, si msimamo wa kisiasa, na sina ugomvi naye. Ninachokataa ni kudai kwamba kilichoonekana langoni kilikwishakubaliwa siku ya kusaini. Serikali ya Marekani iliwaambia wananchi wake kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Hazikupatikana. Mkataba una pande mbili, na upande mmoja ulitoa maelezo yasiyokuwa kweli.

Wengine watauliza: kwa nini asifuate utaratibu wa ndani? Jeshi la Marekani linao utaratibu wa kumwachia askari ambaye dhamiri yake haimruhusu kupigana, lakini sharti lake ni kuvipinga vita vyote. Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 1971: kukataa vita fulani unavyoviona vya dhuluma hakutoshi. Kwa askari anayesema angeilinda nchi yake ikivamiwa, ila Iraq haendi, mlango huo ulikuwa umefungwa.

Swali gumu kuliko yote ni la wenzake. Lindo halibaki tupu. Rivera asiporudi, mwingine anasimama pale, labda naye ana watoto. Watetezi wake walipenda kulikwepa swali hili, nami naona walikosea. Hakuna jibu la kulifuta. Linaonyesha tu kwamba alikuwa na deni kwa wenzake. Halionyeshi kwamba Kanada ilipaswa kuwa mkusanyaji wa deni hilo.

Kanada yenyewe ilikataa kushiriki vita vya Iraq mwaka 2003. Isitoshe, enzi za vita vya Vietnam ilipokea Wamarekani kwa makumi ya maelfu, na kuanzia mwaka 1969 maofisa wa uhamiaji waliagizwa wasijali kama mwombaji ni mtoro wa jeshi. Mara nyingi husemwa kwamba wale walikimbia kuandikishwa kwa lazima, ndiyo maana walistahili. Si wote. Miongoni mwao walikuwamo watoro waliokwishavaa magwanda, na hao nao walipata makazi. Waliingia kama wahamiaji wa kawaida. Hakuna aliyewadai wathibitishe kuwa wakimbizi.

Hapo ndipo kesi za watoro wa vita vya Iraq zilipopotezwa. Sheria ya wakimbizi haikuwafaa. Jeremy Hinzman, askari mwingine wa Marekani aliyetangulia kuomba mwaka 2004, alikataliwa, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa hata kusikiliza rufaa yake. Kisheria sioni majaji walikosea wapi: Marekani ina mahakama zake, na kifungo cha mtoro si lazima kiwe mateso. Njia iliyofaa ilikuwa kibali cha ukaazi kwa misingi ya utu, na wabunge waliliona hilo. Juni 2008 walipitisha kwa kura 137 dhidi ya 110 azimio la kuwaruhusu watoro hao kubaki. Halikuwa na nguvu ya sheria, na serikali ya Waziri Mkuu Stephen Harper ikalipuuza. Muswada ulioletwa baadaye uliangushwa mwaka 2010 kwa tofauti ya kura saba.

Septemba 2012, licha ya Askofu Desmond Tutu kumtetea gazetini, Rivera aliondoshwa na kukamatwa mpakani. Mwaka 2013 mahakama ya kijeshi ya Marekani huko Fort Carson ilimpa miezi 14, ikapungua hadi 10 kwa makubaliano ya kukiri kosa, na kuachishwa jeshi kwa mwenendo mbaya. Alikuwa na mimba ya mtoto wa tano, akajifungua akiwa bado mfungwa.

Serikali ya Kanada ilishikilia kwamba wanaorudishwa hukabiliwa na nidhamu ya kawaida tu. Ukawaida wenyewe ulikuwa huu: watoro wengi wa jeshi la Marekani waliachishwa kimyakimya, bila kesi. Jaji mmoja wa Kanada alikwishaona tangu mwaka 2009, katika shauri la Rivera mwenyewe, kwamba upo ushahidi wa watoro waliovipinga vita hadharani kuandamwa zaidi. Robin Long, mtoro mwenzake aliyerudishwa mwaka 2008, alipata miezi 15, na video yake akivilaani vita ilichezwa mahakamani. Serikali iliyomwondoa Rivera ilikuwa na mifano hiyo yote mbele yake.