Ukimaliza tasnifu yako, rudi kwa mwenye kioski

Unawajua hawa watu. Wanasimama nje ya supamaketi au kando ya kioski cha mtaani wakiwa na faili mkononi, jua linawaka, wanakuomba "dakika tano tu". Wanataka kujua unanunua sabuni gani, unalipa vipi, mbona ulihama mtandao wa simu. Unajibu, unatia alama kwenye visanduku, wanakushukuru sana. Halafu huwaoni tena.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Leo nataka tuambiane ukweli, wewe unayesoma uzamili, wewe unayepanga kujiandikisha mwaka ujao, na hata wewe ambaye kazi yako ni kujazishwa hojaji ukiwa mbioni kushika matatu.

Oktoba 2019 nilikuwa Githurai nikikusanya data ya uzamili wangu wa biashara. Mada yenyewe: kwa nini mnunuzi huchukua unga wa mahindi wa chapa hii na kuiacha ile. Nilizunguka kioski hadi kioski. Niliuliza kuhusu bei, rangi ya pakiti, matangazo ya redio, na unga upi hutoa ugali unaoshikana vizuri. Mwanamke mmoja, nitamwita Mama Kevo, alinipa stuli nikae, akaacha wateja wangoje ili anijibu maswali yote. Nikiondoka alichukua nambari yangu, akaniuliza, "Na mkimaliza hizi maneno zenu, mtarudi kutuambia mlipata nini?"

"Lazima, mama," nikamjibu.

Mwezi uliofuata, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi baada ya kupata zimepita kiwango kinachoruhusiwa cha sumukuvu, ile wengi wetu tunaiita aflatoksini. Simu yangu ikalia.

"Wee msichana, si ni wewe ulikuja kuniuliza mambo ya unga? Sasa niambie, niuze gani? Na hii nimeuzia watu jana je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na rundo la karatasi kuhusu unga, na neno sumukuvu halikuwamo hata mara moja.

Huenda unafikiri nakuza mambo. Hapana. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Hutengenezwa na kuvu ambayo hustawi mahindi yasipokaushwa vizuri au yakihifadhiwa penye unyevu. Sumu yenyewe huioni kwa macho, na usijidanganye kwamba moto utaiua: ugali ukiiva, nayo bado imo. Ukiila nyingi kwa wakati mmoja, ini hushindwa kufanya kazi. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya ini hupanda, na hupanda zaidi kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana sheria za ubora Kenya haziruhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi.

Sasa chukua hiyo pakiti ya kilo mbili iliyo jikoni kwenu uiweke mezani. Waite wanafunzi wanne wa uzamili kutoka idara nne za chuo kimoja.

Wa biashara, kama mimi, ataangalia jina na bei. Atakuambia nani hununua nini, na mteja hufanya nini bei ikipanda shilingi kumi. Hilo lina maana yake, manake mama akishindwa na bei ya pakiti atahamia unga wa kupima au mahindi ya poshomili.

Wa sayansi ataangalia unyevu. Anajua mahindi yanafaa kukaushwa hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini ya hapo kabla ya kutiwa gunia. Anajua pia kwamba kuna dawa ya kibayolojia iitwayo Aflasafe KE01, ambayo shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, hushughulika nayo kule Katumani, Machakos. Mkulima huitawanya shambani mahindi yangali yanakua, na kuvu wasio na sumu waliomo humo huwanyima nafasi wenzao wenye sumu.

Wa hesabu atakuuliza swali ambalo sisi wengine hata halitupiti akilini: ulichota wapi ulichopima? Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye supu. Katika gunia la kilo 90, punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote. Chota kikombe kimoja juu ya gunia na unaweza kulipitisha gunia baya, au kulikataa zuri kwa bahati mbaya. Uchote mara ngapi, kutoka sehemu gani, usage kiasi gani kabla ya kupima? Hiyo ni takwimu, maze, na uhai wa watu uko humo ndani.

Wa afya atauliza nani anakula, na kiasi gani. Unga uleule hauna uzito uleule kwa mtu mzima anayekula ugali jioni na kwa mtoto wa mwaka mmoja anayekunywa uji asubuhi, mchana na usiku. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hivyo dozi yake kwa kila kilo ya mwili ni kubwa.

Wanne hao wakikaa pamoja, Mama Kevo anapata jibu. Lakini nionyeshe wanapokaa pamoja. Kila mmoja ana msimamizi wake, jengo lake na lugha yake. Kila mmoja anaandika tasnifu, anaitetea mbele ya jopo, anaipeleka ikafungwe kwa jalada gumu, anavaa joho, anapigwa picha na familia. Tasnifu nne kuhusu pakiti moja ya unga zinalala kwenye rafu nne ambazo hazijuani. Na zote zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho yule aliyetoa majibu hawezi kukaa nacho chini akakielewa, ilhali Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi.

Najua utakachonijibu. Karo ni juu, kazi ni hakuna, kupima sampuli kwenye maabara ni pesa, na msimamizi mwenyewe kumpata ni kama kutafuta maji Turkana. Nakubali kabisa. Wengi wetu tulirudi shule ili tupandishwe cheo kazini, na hatukuwa na mpango wa kuokoa taifa. Wengine hata hawaandiki wenyewe. Wanalipa mtu aliye na laptopu na njaa, na wewe msomaji huenda ndiye huyo mtu. Sikuhukumu. Ila fahamu kwamba ninachoomba hakihitaji ufadhili kutoka popote.

Cha kwanza, kabla hujaandika mada, ishike bidhaa yenyewe mkononi. Iwe unga, pedi, krimu ya uso, mkopo wa simu au maji ya chupa. Halafu nenda idara tatu ambazo si zako uulize: ninyi kitu hiki mnakionaje? Chai ya kantini inatosha. Laiti ningefanya hivyo, swali moja tu kuhusu sumukuvu lingeingia kwenye hojaji yangu, nami ningekuwa na la kumwambia Mama Kevo siku aliponipigia.

Cha pili, rudi. Ukitafuta leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume yenyewe hukudai nakala ya ripoti yako ya mwisho. Vizuri, tume ipate yake. Lakini waliokupa majibu je? Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: niliuliza hivi, nilipata hivi, fanyeni hivi. Utume kwa WhatsApp, uubandike kwenye kioski, uusome kwa mkutano wa chama. Na vyuo, kama vinasikia, viufanye ukurasa huo kuwa lazima kabla ya mtu kuvaa joho.

Cha tatu ni chako wewe ambaye husomi popote kwa sasa. Tasnifu nyingi ziko wazi kwenye hazina za kidijitali za vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwemo. Unazisoma kwa simu bila kulipa ila bando. Unataka kuanza biashara ya maziwa, kuku au sabuni ya maji? Kuna mtu alishahangaika miaka miwili na hiyo bidhaa kabla yako. Na siku nyingine ukisimamishwa na mwenye faili, mjibu, halafu mwulize alichoniuliza Mama Kevo: utarudi lini?

Mimi nilichelewa, lakini nilirudi. Nilikuwa nimesoma kazi za watu wa sayansi na wa afya, nikaandika ukurasa wangu mmoja. Usinunue mahindi yenye unyevu. Chambua, utupe punje zilizobadilika rangi, zilizooza au zilizovunjika, na usizipe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu ya kwenye lishe hupitia kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa. Hifadhi unga pakavu, juu ya mbao, si sakafuni. Mama Kevo aliusoma pole pole mbele yangu, akaubandika karibu na kalenda.

Kisha akanigeukia. "Sawa. Unga wa pakiti wanapima. Na haya mahindi yetu ya poshomili, yale watu wananunua kwa gorogoro, nani huyapima?"

Nikanyamaza tena. Kama bado unatafuta mada ya tasnifu, yeye ameshakupa. Ila ukiichukua, uhakikishe unajua njia ya kurudi Githurai.