Bei ya Haki ya Motokaa Isiyomalizika

Mwaka jana halmashauri ya tawi letu hapa Kampala ililetewa shauri ambalo hatujapata kuliona tangu tuanze kazi hii. Halikuwa la mshahara, wala la saa za ziada, wala la mtu aliyefukuzwa bila notisi. Lilikuwa la motokaa. Tena motokaa isiyo na viti wala rangi, injini yake imelazwa juu ya mbao, na vipande vyake vidogo vimo katika makopo ya Blue Band yaliyopangwa ukutani.

Mwenyewe alikuwa mzee wetu, fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani, mwanachama aliyelipa ada hadi siku ya kustaafu. Motokaa hiyo, Peugeot 404, aliinunua mwaka 1986 ikiwa imekufa, naye akawa akiifufua polepole kwa miaka yote hiyo, Jumapili kwa Jumapili. Akafariki kabla hajaimaliza. Mjane wake, ambaye alizoea kuiita mke mwenza wa chuma, alitaka kuiuza ili wajukuu wapate karo. Dalali akaja, akaizunguka mara moja, akataja shilingi 1,000,000. Tulipomuuliza ameipataje bei hiyo, akajibu bila haya kwamba ni bei ya kilo: gari lina uzito wa tani moja na kidogo, na chuma chakavu kina bei yake inayojulikana, kutoka hapa hadi kwenye vinu vya Jinja.

Ninyi mlioko kwenye mashamba ya chai na miwa mnaijua mizani vizuri kuliko sisi wa mjini. Lakini hata jani la chai halipimwi kama majani ya ng'ombe, ingawa kilo ni kilo.

Basi tuseme kwanza kwa nini 404 si chuma tu. Wazazi wetu walisafiri ndani yake ikiwa teksi, kabla basi ndogo za Kijapani hazijashika barabara zote. Ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, wakati mbio zile zilikuwa bado za nchi zetu tatu na zikipita Uganda vilevile. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania. Kwa hiyo wako watu wanaoitafuta, wengine kwa ukumbusho, wengine kwa maonyesho ya motokaa za zamani. Tangu mwaka 2003 kuna hata mbio za East African Safari Classic, ambazo ni za magari ya zamani. Zaidi ya hayo, sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini motokaa iliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa zile za kazi maalum. Anayetaka 404 hapa Kampala hana budi kuangalia zile zilizokwisha kuwamo.

Tukamfukuza dalali kwa maneno mazuri. Hapo ndipo sisi wenyewe tukakosea, na lazima tuseme, maana gazeti la chama si mahali pa kujipaka mafuta. Tulichukua bahasha ya risiti za marehemu, tukajumlisha kila kitu, tukaongeza malipo ya siku zake za kazi, tukapata shilingi milioni 14 na zaidi. Tukamwambia mama: asikubali chini ya hapo, jasho la mfanyakazi haliuzwi rahisi. Maneno matamu. Wanunuzi wawili walisikia bei hiyo, wakacheka, wakaenda zao.

Kosa letu lilikuwa la namna mbili. La kwanza ni la hesabu tu. Baadhi ya risiti zilikuwa za mwaka 1986. Wazee watakumbuka kwamba Mei 1987 serikali ilibadili fedha: sufuri mbili zikakatwa, na asilimia 30 ikachukuliwa juu yake. Risiti ya shilingi 80,000 ya kabla ya hapo ilikuwa sawa na shilingi 800 mpya, na ukitoa ile asilimia 30, zinabaki 560. Sisi tuliijumlisha kama 80,000 za leo. Aibu ilikuwa yetu, maana mtunza hazina wa tawi alikuwa amekaa hapo hapo na kalamu yake.

La pili ni zito zaidi, na najua wenzetu wengine hawatalipenda. Jasho lililokwisha mwagika si bei. Mnunuzi halipi siku ulizofanya kazi. Analipa kile siku hizo zilichoacha nyuma yake. Karabureta aliyonunua mzee mara mbili kwa sababu ya kwanza iliibiwa haiifanyi motokaa kuwa na karabureta mbili. Jumapili tatu alizopoteza kuchomelea kipande kisha akakikata tena hazimo ndani ya gari. Tukidai vinginevyo, tunadai sadaka, nasi si ombaomba.

Aliyetufundisha hesabu iliyo sawa ni fundi mmoja wa Katwe, mtu asiyezungumza sana. Alisema: anzeni mwisho, mrudi nyuma. Motokaa hii ikiwa imemalizika, inatembea, ina kadi, itauzwa kiasi gani? Kisha toeni yote yaliyobaki kufanywa. Kisha mwachieni mnunuzi kitu kwa ajili ya yale asiyoyaona, kwa maana injini iliyolala sakafuni hakuna ajuaye itasema nini siku ya kuwashwa.

Tukafanya hivyo. Tarakimu hizi ni za gari hilo moja. Mtu asizikate akaenda nazo sokoni kwa gari lingine. Tulikubaliana kwamba ikiisha vizuri itapata milioni 20. Kupiga rangi milioni 3 na nusu. Injini, yaani ringi, beringi, gasketi na kazi yake, milioni 3. Viti na nyaya za umeme milioni 2. Taa, bampa, na mipira ya vioo na milango, milioni 2 na nusu. Na hapa mjue kwamba vitu vidogo ndivyo vinavyomaliza watu, kwa sababu injini utaipata Kisekka au utachonga kitu kinachofanana, lakini mpira wa kioo cha mbele cha 404 unaweza kuutafuta mwaka mzima. Karatasi, kuvuta gari na mengineyo, laki 5. Jumla milioni 11 na nusu. Zilibaki milioni 8 na nusu. Tukatoa milioni 2 na nusu kwa ajili ya yasiyoonekana. Milioni 6.

Na upande wa chini pia tuliweka ukuta: milango, vioo, ekseli, giaboksi na injini vikiuzwa kimoja kimoja vingeleta kama milioni 3 na laki 2. Kwa hiyo bei ya dalali haikuwa hata bei ya kuchinja.

Halafu akaja mnunuzi wa maana, bwana mwenye kupenda magari ya zamani, na orodha yake mkononi. Ilikuwa karibu sawa na yetu, isipokuwa mstari mmoja: bodi yote kurudiwa, milioni 4. Kwa mstari huo bei ilishuka hadi milioni 2. Hapo ndipo tulipoona umuhimu wa kuwapo kwa chama. Maana bodi ndiyo kazi aliyoijua mzee kuliko zote. Sakafu yote aliikata kutu, akaweka bati jipya, akachomelea kama alivyokuwa akichomelea matangi kiwandani. Siku ya fundi wa gereji, ambayo bwana huyu angeilipia kesho, aliiandika kwa bei ya mjini. Siku za marehemu, zilizokwisha kuifanya kazi hiyo hiyo, aliziandika sufuri, kwa kuwa eti ilikuwa starehe yake ya Jumapili.

Hatukubishana kwa maneno. Fundi wa Katwe alitoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya bodi mbele ya wote. Palipo na chuma sumaku inashika. Palipojazwa puti inateleza na kuanguka. Ilishika sakafu yote. Ilishika paa na ubavu. Ilianguka kwenye mlango mmoja wa nyuma. Tukakubali laki 5 kwa ajili ya mlango huo, naye akaufuta ule mstari wa milioni 4. Tukafika milioni 5 na nusu, na baada ya chai akapata punguzo la laki 3. Mama alipokea milioni 5 na laki 2, zilizohesabiwa mezani.

Jambo moja lililosaidia kuliko ufundi wetu wote ni kwamba kadi ya motokaa ilikuwepo, na jina la marehemu limo. Magari mengi ya umri ule yalibadili mikono mwaka 1972, Amin alipowafukuza Waasia, na tena mwaka 1979 vita vilipopita, bila karatasi yoyote. Gari la namna hiyo, hata likipigwa rangi ya dhahabu, mnunuzi mwenye akili ataligusa kwa kijiti.

Limebaki shauri ambalo halmashauri haijakubaliana juu yake. Kijana mmoja, mwanachama wetu pia, alimsaidia mzee Jumapili nyingi kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, akishika taa, akisaga bati, akijifunza. Hapakuwa na maandishi, wala ahadi ya malipo. Mama alimpa laki 4 kwa hiari yake. Wengine wetu wanasema alilipwa kwa ufundi aliojifunza, maana leo anachomelea mwenyewe Ndeeba na anakula kwa kazi hiyo. Wengine tunasema sakafu ile iliyofuta milioni 4 ilipita mikononi mwake pia, na kwamba tulikuwa wepesi kumkamata bwana mwenye orodha kwa kuandika siku za mtu sufuri, kisha tukakaa kimya zilipokuwa siku za kijana. Mwenyewe hajadai kitu. Shauri litasikilizwa tena mkutano ujao, na mama amesema atakuja.