Hukumu Isomwe na Aliyehukumiwa

Mahakama ipo kwa ajili ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, kwa kijana aliyekamatwa usiku akitoka kazini, kwa mzee anayedai ng'ombe wake wawili kwa jirani. Hakimu, karani na wakili wapo pale kuwatumikia hao. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima kama vyombo vyetu vya kutoa haki vinawafaa wananchi asitosheke kuhesabu majengo. Amngoje mjane yule mlangoni siku ya hukumu, amwulize: mama, wameamua nini, na kwa sababu gani? Kama hawezi kujibu ila kwa kurudia maneno aliyonong'onezwa na karani, basi haki yake bado haijamfikia mkononi, hata kama ameshinda kesi.

Tukumbuke tulikotoka. Mkoloni aliacha nchini mahakama za aina mbili: moja yenye majaji na mawakili, na nyingine ya "wenyeji", iliyokuwa chini ya mkono wa maofisa tawala, ambao walitoza kodi asubuhi na kusikiliza rufaa mchana. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilivunja ubaguzi huo. Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi za nyumba moja. Na katika Mahakama ya Mwanzo lugha ikawa Kiswahili. Hakimu aliketi na wazee washauri, mwananchi akasema yake kwa kinywa chake, akajibiwa kwa maneno anayoyafahamu. Huo ulikuwa uamuzi wa kimapinduzi, na pengine hatuusifu vya kutosha.

Lakini nyumba hiyo iliishiwa na Kiswahili ilipofika ghorofani. Kanuni za Lugha za mwaka 1980 ziliruhusu Kiswahili kizungumzwe katika Mahakama Kuu, ila kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Katika Mahakama za Wilaya mazoea yakawa hayo hayo: shahidi anasema Kiswahili, wakili anamhoji kwa Kiswahili, hakimu anasikiliza Kiswahili, na kalamu inaandika Kiingereza. Hapakuwa na mfasiri aliyeapishwa kwa kazi hiyo. Hakimu mwenyewe alifasiri kichwani, kwa haraka, huku akiangalia saa na msururu wa kesi zilizobaki.

Anayedhani kuwa hili ni jambo dogo azingatie mfano wa mirathi. Shahidi anasema, "Shamba alipewa na baba mdogo." Shahidi mwingine anasema, "Hapana, alipewa na mjomba." Kiingereza kina neno moja tu kwa watu hawa wawili. Katika makabila yanayofuata ukoo wa baba, wa kwanza ni mtu wa ukoo wenye ardhi, na wa pili ni mtu wa ukoo mwingine kabisa. Ubishi wote wa kesi umo katika tofauti hiyo, na katika karatasi umekwisha futika. Au shahidi wa kesi ya jinai anaposema, "Alimkuta akimpiga." Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika viambishi vyake. Anayeandika kwa Kiingereza hana budi kuamua papo hapo nani alikuwa mume na nani mke, na akikosea, kosa hilo linakuwa ndiyo kauli ya shahidi. Kisha huja rufaa. Mahakama ya juu kwa kawaida haiwaiti tena mashahidi, inasoma kumbukumbu. Majaji wenye nia njema kabisa wanaweza kupima kwa makini maneno ambayo hayakupata kutamkwa na mtu yeyote.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 210, humpa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake baada ya kuandikwa. Ni kinga nzuri. Lakini umsomee nini mtu asiyejua Kiingereza? Utamfasiria upya kwa Kiswahili yale uliyoyafasiri kutoka Kiswahili chake. Mwenye kuikagua tafsiri ya pili ni yule yule aliyeifanya ya kwanza.

Ndiyo maana Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, iliyorekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kutamka kuwa lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, yafaa kuhesabiwa pamoja na ile ya mwaka 1963. Mwezi Februari mwaka huo huo, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kumteua Jaji Zephrine Galeba kuingia Mahakama ya Rufani, akitaja waziwazi kwamba jaji huyo alikuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu, Musoma. Wapo waliocheka pembeni. Walidhani lugha ya wauza samaki haiwezi kubeba hoja za kisheria.

Kasumba hiyo haina miguu. Mdai, mdaiwa, mshtakiwa, dhamana, rufaa, wosia, mirathi, fidia: maneno haya hayakutungwa jana kamatini. Mahakama za Mwanzo zimeamua kwa Kiswahili wizi, talaka, madeni na mipaka ya mashamba kwa zaidi ya nusu karne. Mahali panapopungua istilahi, Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na kazi yake ndiyo hiyo. Hoja iliyo na uzito ni nyingine: mawakili na mahakimu wetu wamefundishwa sheria kwa Kiingereza chuoni, na hukumu za zamani wanazozitegemea zimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo ni kweli, na halitaondoka kwa tamko. Litaondoka vyuo vyetu vya sheria vitakapokubali kufundisha na kutahini kwa lugha ambayo wahitimu wao watahukumia. Mpaka sasa vinasitasita, na sioni sababu ya kutosema hivyo.

Sheria ya mwaka 2021 yenyewe iliacha mlango: Kiingereza kinaweza kutumika pale maslahi ya haki yanapodai. Mlango huo una kazi yake katika kesi ya mgeni au ya mkataba wa kimataifa. Hatari ni kwamba mlango wa dharura ukigeuzwa njia ya kila siku, ule mkuu utaota kutu. Tena mwaka huo huo mawakili, waliokuwa wamezuiwa tangu zamani katika Mahakama za Mwanzo, waliruhusiwa kuingia katika zile zinazoongozwa na hakimu mkazi. Waingie, mwananchi ana haki ya kutetewa. Lakini wasiingie na misemo ya Kilatini katika chumba pekee ambacho mkulima alikuwa mwenyeji.

Hapa wasomaji wa ukurasa huu wanahusika zaidi ya wanavyofikiri. Hati ya kuitwa shaurini ikifika kijijini, mara nyingi hupelekwa kwa mwalimu isomwe. Nakala ya hukumu hupelekwa kwa mtendaji wa kata au kwa karani wa kijiji. Nyinyi ndio mahakama ya kwanza kabisa, ile isiyoandikwa katika sheria yoyote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, lakini hawajai kila kitongoji, na mwalimu yupo. Mambo machache akiyajua mwalimu yataokoa wengi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Katika kesi za jinai, aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Wangapi wamekaa nyumbani miezi mitatu wakiamini kwamba kesi yao "bado ipo", kumbe siku zilikwisha wakingoja mtu wa kuwasomea karatasi?

Hakimu humweleza mhusika haki yake ya rufaa kwa mdomo, lakini neno la mdomo, kwa mtu ambaye moyo wake unadunda kizimbani, halikai. Basi kila nakala ya hukumu inayotolewa, katika kila ngazi, iwe na sentensi moja ya Kiswahili chepesi katika ukurasa wake wa mwisho, yenye kutaja tarehe: Usiporidhika, unaweza kukata rufaa katika mahakama fulani, kabla ya tarehe fulani. Haihitaji bajeti, kamati wala safari ya mafunzo. Karani anaweza kuanza kuiandika Jumatatu.