Vani Kuukuu Si Chuma Chakavu

Wapo wenzetu wanaodai kwamba anayejali mazingira hana budi kuachana na gari kuukuu na kununua jipya. Nawapinga, na ushahidi nautoa Marekani. Mwaka 2009 serikali ya huko ilitoa punguzo la dola 3,500 au 4,500 kwa mtu aliyesalimisha gari la zamani linywalo mafuta mengi ili anunue jipya. Injini zilimwagwa oili, zikatiwa sodiamu silikati, zikawashwa mpaka zikakwama zisifufuke tena. Magari zaidi ya 670,000 yaliuawa hivyo, nayo yalikuwa yanatembea, maana hilo lilikuwa sharti!

Chukua Chevrolet Astro, vani iliyoundwa tangu 1985 hadi 2005. Mwenye nayo akibadilisha plagi, mipira ya rejeta, shokomzoba na breki, akasafisha viti, amepata chombo cha kubebea mabomba, mbao, hata watoto. Sikatai kwamba inakunywa mafuta. Na kutu ikishakula sakafu na mihimili, hata mimi nasema basi. Lakini chuma na vioo vya gari jipya navyo vimepita motoni. Moshi wake hatuuhesabu kwa sababu hutoka kiwandani, mbali na macho yetu.

Na fundi bomba wa kipato kidogo aliyengoja kuinunua vani ile kwa bei ya mtumba? Punguzo halikumhusu. Hakuwa na gari la kusalimisha.