Babati Ilitunze Ziwa Lake

Otsu, nchini Japani, ni makao makuu ya mkoa wa Shiga. Mji huo uko kando ya Ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo. Ulikuwa mji mkuu wa Japani kuanzia mwaka 667 hadi 672, kisha ukawa kituo cha mwisho cha barabara ya kale ya Tokaido kabla ya msafiri kuingia Kyoto. Hata hivyo, heshima ya Shiga duniani leo imeletwa zaidi na akina mama wake.

Mwezi Mei 1977 maji ya Biwa yaligeuka mekundu kama kutu na kuanza kunuka. Sababu mojawapo ilikuwa fosfeti iliyomo katika sabuni za unga za kufulia, ambayo ilirutubisha vijimea vya majini. Akina mama hawakungoja amri. Walizisusa sabuni hizo, wakakusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika ili yatengenezwe sabuni nyingine. Mwaka 1979 mkoa ukapitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa sabuni zenye fosfeti. Mwaka 1984 mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu maziwa ukafanyika Shiga, na mwaka 2005 mkutano huo ukafika Nairobi.

Babati, nchini Tanzania, nayo ina ziwa. Iko kwenye njia kuu ya kutoka Cape hadi Cairo, na tangu 2002 ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa sehemu kwa mkopo wa Japani.

Tena watu wa Babati wamekwisha kuufundisha ulimwengu. Katika miaka ya 1990 serikali ilipotaka kuutwaa msitu wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake, wanavijiji walikataa. Vijiji vinane viligawana mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikateua vijana wa kufanya doria, na wananchi wenyewe wakaacha kuchoma mkaa humo. Msitu ukachipua upya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua misitu ya vijiji nchi nzima.

Kwa nini basi ziwa liachwe? Ziwa Babati lina kina kifupi, na kila mvua inayoshuka kwenye mashamba ya miteremkoni huliongezea tope. Lilifurika mwaka 1964, 1979 na 1990. Viboko, na wavuvi wa perege na kambale, wote wanalitegemea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini karatasi haizuii jembe.

Hapana budi mitaa inayopakana na ziwa ikutane, iweke mipaka, ipande miti na kuchagua walinzi wake, kama wanavijiji wa Duru-Haitemba walivyofanya. Anayelima ufukweni arudi nyuma msimu huu, na anayefulia ziwani ateke maji akafulie mbali. Kazi hiyo ianze kabla mvua za masika hazijafika.